Mwanamke wa Picha Aliyeniita Kakule

Sikunywa, sikuota. Mtu mwenye diploma ya Ubelgiji, aliyejilipia masomo kwa kuosha sahani za watu, hatafuti sifa kwa hadithi za mizimu. Haya yalinipata mimi, saa tisa mchana, jua likiwaka.

Niliporudi kwetu Butembo, Kongo, nilikuja na picha ya zamani ya rangi za maji. Ni tukio la riwaya moja ya kihistoria: mwanamke mwenye shali nyekundu ameshika hatamu ya farasi, anamsihi askari asivuke daraja. Niliitundika sebuleni kwangu, mtaa wa Mususa, kando ya diploma. Wageni niliwaonyesha diploma kwanza.

Siku ile nilikuwa naenda Beni kwa pikipiki, kuangalia kiwanja katika mtaa wa Mulekera. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, nikakata njia ndogo yenye daraja la mbao. Kabla sijalifikia, mwanamke akatoka migombani akashika usukani wangu. Shali nyekundu. Uso ule ule. Niamini, naujua kuliko uso wa jirani.

"Kakule, hapana vuka."

Nilicheka. Kwetu Wanande jina ni hesabu: Kasereka ni mtoto wa kiume wa tatu, Kakule wa nne.

"Mama, umekosea hesabu. Mimi ni Kasereka. Hata diploma inasema."

"Diploma ndiyo ilikuzala? Uliza mama yako."

Nilikuwa nafungua mdomo kumsahihisha tena, daraja likalia kama mlango mkuukuu, likaenda lote na maji. Nilipogeuka, usukani ulikuwa mikononi mwangu peke yangu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilikaa kwenye matope na suruali yangu ya Ulaya.

Nyumbani, mama alikuwa anamenya viazi. Nilipotaja Kakule, kisu kikasimama.

"Kulikuwa mutoto mwanaume mbele yako," akasema. "Aliishi siku mbili. Baba yako alikatala tumuhesabu."

Nikaenda kwenye picha. Pindo la shali lilikuwa na tope jekundu. Nimefuta kioo mara nyingi. Tope liko ndani.

Sasa kila asubuhi namwambia yule mwanamke aksanti, na kaka yangu namwambia pia. Picha iko katikati ya ukuta. Diploma iko pembeni, na jina lililoandikwa juu yake ni la kaka.

Nawe, mtu akikusimamisha njiani kwa jina lisilo lako, usikimbilie kumsahihisha. Zima pikipiki kwanza.