Kimea Chini ya Sakafu

Harufu ya kimea cha ulezi ilitangulia, halafu mashua ikalala upande. Tulikuwa katikati ya Mto Songwe, karibu na Galula, mto umejaa, na mdogo wangu Anyisile akateleza kuelekea majini. Mama alimdaka mguu. Baba alisukuma upondo mpaka tukagota ukingoni, na hapo alikuwa amesimama Lazaro, msimamizi wa kivuko, muumini mwenzetu. Hakuuliza kama tumepona. Alinusa, akawaambia abiria waliokuwa wakisubiri: "Mnasikia harufu? Yohana anaficha pombe chini ya sakafu. Ndiyo maana mashua inayumba kama yeye." Jumapili ile wazee wa kanisa wakamsimamisha baba asishiriki Meza ya Bwana. Baba yangu, ambaye hata togwa hakuinywa mpaka aulize imelala siku ngapi.

Na bado, nikiyakumbuka masika yale ya wakati wa Mwingereza, nacheka kabla sijakasirika. Watu walishuka kutoka milimani na vikapu vya ulezi, wakivuka kwenda kuwauzia wachimba dhahabu wa Saza. Sisi watoto wa mvushaji tulivuka bure, tukitafuna mahindi ya kuchoma na kujifunza matusi ya Kinyiha na ya Kinamwanga kwa mpigo mmoja. Msiba wetu ulikuwa yale maji tu yaliyojaa ndani ya mashua. Baba aliivuta mashua nchi kavu, akaziba kila ufa wa chini kwa pamba na lami, lakini haikupita muda ikawa nzito tena. Kule nyuma alikozoea kukumba maji, kuyachota na kuyamwaga nje, kulikuwa kukavu, ila ukikanyaga sakafu ya mbele unasikia maji yanacheza. Kuifunua sakafu hakukuruhusiwa. Lazaro alikuwa ameipigilia misumari sakafu yote, isipokuwa pale nyuma, eti abiria wasing'oe mbao za kuotea moto. Baba akiomba ruhusa, anajibiwa kwamba anataka kuhamisha mitungi yake.

Aliyekata shauri ni mama. Kabla ya ubatizo alisifika kwa kupika pombe ya ulezi mpaka ng'ambo ya mpaka, jambo ambalo nyumbani halikutajwa. Siku ile alilala kifudifudi, akapenyeza bua la nyasi kati ya mbao, akanyonya.

"Baba Eliza," alisema, akimwita kwa jina langu, "mto hauna ladha hii. Huu ni ulezi umeota. Naujua, na usiniulize nimejuaje."

"Siulizi, mke wangu," baba akasema, akachukua jembe na kung'oa misumari mchana kweupe, watu wakitazama.

Chini kulikuwa na shamba. Vikapu vilikuwa vimevuja punje msimu mzima. Punje zikapita kwenye nyufa, zikalala katika maji ya mvua na ya nyayo za abiria, zikaota, mizizi ikashikana kama mkeka na kuziba matundu ya mataruma, zile mbavu za mashua, ambamo maji hupita kwenda nyuma yakakumbwe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulikuwa tumezibwa mno. Mashua haikuvuja hata tone. Maji yaliingia kwa juu yakakosa pa kutokea, na sakafu ingekuwa ya kufunuliwa tungefagia kila jioni. Mtungi hata mmoja haukuwapo. Baba alizibua kwa kijiti, maji yakakimbilia nyuma, nasi tukayakumba kwa vibuyu huku tukimwagiana, tunanuka kama kilabu kizima. Mzee mmoja wa kanisa alicheka mpaka akakaa chini, akasema zile takataka zisitupwe karibu na kuku wa mchungaji. Mashua ikainuka kama punda aliyetuliwa mzigo, na Jumapili iliyofuata baba akarudi Mezani.

Leo watu huvuka mito darajani, ndani ya lori, wasijue hata rangi ya maji. Wajukuu wangu hawaamini kwamba tulipata kulima ndani ya mashua. Mimi niliishia darasa la pili, lakini jina Lazaro naweza kuliandika. Siku ile aliutazama ulezi wote ule, akalalamika tu kwamba misumari yake imeharibiwa. Yuko hai, Tunduma, naye sasa ni mzee wa kanisa. Ndiye anayesoma majina ya wanaosimamishwa. Tulipomzika baba, alisema mbele ya kaburi kwamba marehemu alipenda kikombe, Mungu amsamehe. Basi kabla hajasoma jina la mtu mwingine, asimame atujibu sisi watoto wa Yohana: ni nani aliyemwona baba akinywa?