Sweta ya Keza

Majirani zangu hapa Kimironko walikuja kuniuliza kama wamruhusu binti yao aende Uchina kusoma Kichina, maana mjukuu wangu Keza yuko huko. Nikawakemea.

"Mwacheni aende! Keza aliondoka na mimi sikutoa hata chozi. Nyumba imepata nafasi."

Baba wa binti akacheka. "Mukecuru, bibi yetu, wewe una roho ngumu!"

"Ndiyo. Kunyweni chai."

Chai ikanitia joto, nikavua kitenge nilichojifunika mabegani. Wote wakanitazama kifuani. Nilikuwa nimesahau kwamba ndani nimevaa sweta ya shule ya Keza, imenibana, mikono imeishia kwenye viwiko.

Mama wa binti akauliza polepole, "Sasa, Mukecuru, tumwache aende?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Machozi yakatangulia.