Tochi Iliyotangulia Kisimani

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Busi, mwanangu, niliposimama ukingoni mwa kisima nimevaa kaptura peke yake, tochi nimeifunga kiunoni, na nina hakika kabisa kwamba nitarudi juu. Leo hakika ile ndiyo inayonitisha kuliko kisima chenyewe.

Shule niliiacha mapema, hilo unalijua. Sikufukuzwa, miguu tu haikutulia. Nikisikia kuna kitu sijakiona, naondoka kwenda kukitazama. Nilibeba kokoto za reli Gulwe. Nikaenda kukaa na wavuvi wa bwawa la Mtera, na huko ndiko nilikojifunza kuogelea, jambo ambalo vijana wengi wa nchi yetu hii kavu hawakulijua. Kisha dereva mmoja wa lori akanisifia alizeti ya Kondoa, nikapanda naye. Busi nikapata kibarua cha kuvuna, na Mama Zuhura, mjane mwenye mdomo mkali na moyo laini, akanipa chumba cha uani.

Mali yangu kubwa ilikuwa tochi. Ilikuwa ya bati, ya betri kubwa, na nyuma ya kioo chake cha mbele kulikuwa na mpira mweusi wa duara. Muuzaji aliniapia kwamba haiingii maji. Sikumwamini kwa maneno yake, nilimwamini kwa macho yangu, maana mvua za Gulwe ziliinyeshea mpaka mimi mwenyewe nikatetemeka, nayo haikuzima.

Sasa asubuhi hiyo mfuniko wa kisima uliachwa wazi, na mbuzi wa Mama Zuhura akatumbukia. Alilia kidogo, akazama. Kisima hicho ndicho pekee kilichokuwa kimebaki na maji karibu. Kila mtu alielewa mambo yalivyo. Mzoga ukitolewa siku hiyo hiyo, maji yatachotwa na kumwagwa, kisima kijae upya. Ukiachwa mpaka uelee wenyewe, utakuwa umeoza, na kijiji hakitakuwa na cha kunywa. Wanaume walishusha kulabu kwa kamba, ikapapasa gizani, ikarudi na tope.

"Mimi naogelea," nikasema. "Na tochi isiyoingia maji ninayo."

Mama Zuhura akanipima kwa macho, kuanzia mbavu mpaka magoti. "Wewe? Basi leteni kulabu ya pili, tutavua mbuzi wawili."

Watu wakacheka, nami nikazidi kukaza kamba kiunoni. Unajua, mwanangu, kijana aliyechekwa ana haraka kuliko aliyefukuzwa na nyuki.

Ndipo akafika Mzee Salimu, fundi wa kusafisha visima, ambaye alikuwa ameitwa tangu mapema. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, akawasha koroboi. Mafundi wa visima ndivyo walivyofanya kazi: mtu hashuki kabla ya moto kushuka. Koroboi ikizima njiani, hewa ya chini ni mbaya, na aliyetaka kushuka anavaa shati lake anakwenda nyumbani. Akaiteremsha polepole mpaka karibu na maji. Haikuzima. Akaipandisha.

"Hewa ni nzuri," nikasema. "Nishuke?"

"Hewa ni nzuri. Maji je?"

"Maji yana nini, mzee?"

"Utaingia ndani ya maji na nini?"

Nikamwonyesha tochi, nikamweleza habari za Gulwe kwa kirefu, na mpira mweusi nikaufunua auone. Alisikiliza mpaka mwisho. Wazee wa namna hiyo wamepungua siku hizi.

"Sawa," akasema. "Basi nayo ishuke peke yake kwanza, kama koroboi."

"Mzee, hii imenyeshewa na mvua kubwa!"

"Mvua inakugonga inapita. Maji ya kisima hayapiti. Yamekaa, yanasukuma kila upande, na ukienda chini yanasukuma zaidi. Iwashe, nipe."

Nilimpa kwa shingo upande. Akaifunga kwenye kamba pamoja na jiwe, akaishusha. Tuliinama wote. Ilipogusa maji mwanga ukawa wa kijani kibichi, mzuri ajabu, na mimi nikatabasamu nikimtazama Mama Zuhura. Ikaendelea kushuka. Ikawa kama jicho la paka mbali. Mzee akaisimamisha hapo, akangoja, akaanza kutuuliza habari za mavuno. Mwanga ukawa mwekundu. Ukatikisika. Ukazima.

Hakuna aliyecheka. Mzee Salimu akanigeukia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyonitazama usoni.

"Sasa niambie, kijana. Wewe ungekuwa wapi?"

Nikachungulia tena mle gizani, naye akaendelea.

"Chini kule kuna pango ubavuni, maji yanakotokea. Nalijua, nimelisafisha mwaka wa ukame. Mtu akiingiza kichwa humo gizani, hajui tena juu ni upande gani. Huyu mama angepeleka habari kwa mama yako yupi? Hata kwenu hatukujui."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonikalisha chini. Mama Zuhura naye, ambaye hakukosa neno hata siku moja, alijifunga upya khanga yake akaangalia pembeni.

Tochi ilipopandishwa tuliifungua. Mpira mweusi ulikuwa na ufa mdogo, ule ambao jua la kwetu hukitia kila kitu cha mpira, na maji mengine yalipita kwenye swichi, mahali ambapo sikuwahi hata kupatazama. Betri zilikuwa zimeloa maji kabisa.

"Na mbuzi wangu?" Mama Zuhura akauliza.

"Mwanga tutautumia huu wa bure," Mzee akajibu, akaagiza kioo kikubwa cha kujitazamia. Kilikuja cha kabati la Mama Zuhura mwenyewe. "Mkikivunja mtaninunulia kabati zima," mama huyo akatuonya. Tukangoja tope litulie na jua lipande. Mzee akakielekeza kioo, na mwanga wa jua ukazama kisimani mpaka tukaona pembe za mbuzi. Kulabu ikamshika shingoni. Mpaka alasiri tulikuwa tunachota na kumwaga, na hakuna mtu aliyeloa zaidi ya magoti.

Mwanangu, siku hizi nawaona ninyi vijana mna tochi za kichwani na simu zenye taa, na kwenye boksi pameandikwa haiingii maji. Usilikatae neno hilo, lakini liulize: maji gani, kina gani, kwa muda gani? Tazama zile herufi I na P na namba inayofuata mwishoni. Nne ni ya maji ya kurushwa na mvua tu. Saba huzama mita moja kwa nusu saa, na hapo ni ikiwa mpya. Nane huenda chini zaidi, kwa kadiri aliyoitaja mtengenezaji, si kwa kadiri unayoitaka wewe. Isiyo na namba yoyote ichukulie kuwa ya nchi kavu. Mpira ukikauka namba imekufa, na swichi usiibonyeze ikiwa ndani ya maji. Zaidi ya yote, kitu unachotaka kukikabidhi uhai wako kitume kwanza bila wewe, wewe ukiwa umesimama pakavu. Kikiharibika huko, umepoteza kitu. Na mtu akikuuliza swali ukiwa na haraka, simama umjibu, hata kama watu wanacheka.

Mungu akupe wa kukuuliza kabla hujashuka. Na kila mahali utakapoteremka, akupandishe ukiwa mzima, uwakute waliokungoja bado wako ukingoni.