Maji ya Chumvi

Jambo la mwisho la kawaida ambalo mke wangu alifanya ni kuonja chai yangu na kuimwaga kwenye sukuma wiki zake nje ya mlango.

"Mwalimu, umepika na maji ya chumvi tena," alisema.

Nikamjibu, kama miaka yote tuliyokaa Kitengela, kwamba maji ya kisima hayajaua mtu. Jioni hiyo moyo wake ulisimama.

Jumatatu moja baada ya mazishi nilikwenda dukani kutoa nakala ya cheti chake cha kifo. Mbele yangu kwenye kaunta, wasichana wawili wenye sare za shule walikuwa wakibishana juu ya hadithi ambamo kila jioni mume hufunga dirisha na mkewe hulifungua.

"Watu wazima wanakosana juu ya dirisha?"

"Wewe nawe. Dirisha ni ishara tu. Huyo mama anataka kusikizwa."

"Sasa si mzee angewacha tu ikae wazi?"

"Akiwacha, mgogoro imeisha. Na hadithi imeisha."

Nimefundisha fasihi hadi kustaafu, na sikuwahi kuueleza mgogoro kwa maneno machache hivyo. Tangu mazishi nilikuwa nikipika chai kwa maji ya kisima, nikidhani ni mazoea. Kumbe nilikuwa nikiuendeleza ugomvi wetu, nikingoja anijibu.

Kesho yake asubuhi nilisimamisha mkokoteni wa maji matamu, nikanunua mtungi mmoja, nikapika. Chai ilikuwa nzuri. Nilisimama mlangoni, nikaziangalia sukuma wiki zake, nikasema kwa sauti kwamba alikuwa amesema kweli.