Bwana Macho

Mtaani walimwita mume wangu Bwana Macho, na jina hilo lilinivimbisha kichwa miaka na miaka. Nikisema, ananitazama usoni. Nikienda jikoni huku naongea, ananifuata mpaka mlangoni, macho kwangu. "Wenzako tunaongea na magazeti," jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa akilalamika, "wewe umeolewa jana?" Nami najibu, "Kila mtu na bahati yake, dada." Kumbe!

Alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo tangu ujana. Humo ndani mitambo inapiga kelele mpaka meno yanatikisika, kwa hiyo wafumaji huongea kwa midomo tu, bila sauti, na wanaelewana hata kutoka upande ule wa ukumbi. Tulipooana alinifundisha. Tulikuwa tukiwasengenya wageni mbele ya macho yao, sisi tunachezesha midomo, mbavu hatuna. Wifi yangu alidhani ninasali.

Basi kelele zile zilimla masikio taratibu. Nilijua hasikii vizuri. Nikawa napandisha sauti kidogo, maisha yanaendelea. Shida ilikuja kitindamimba wetu alipoolewa mbali, nchi ya tatu kutoka hapa. Simu yetu ni ya vitufe, haina mambo ya picha. Binti akipiga, baba yake anaibana sikioni, anatabasamu, "Ndiyo, mwanangu, ndiyo." Kisha ananipa mimi, uso umemshuka. Siku moja akaniuliza, "Mama watoto, sauti yake bado ina ule mkwaruzo wa utotoni?" Nikamwambia upo. Akaenda kukaa uani peke yake. Mtu anamtamani mwanawe, naye mwana yuko sikioni mwake!

Sasa, aliyeumizwa na kazi ana haki ya fidia, na si kidole kilichokatwa tu. Sikio nalo ni kiungo. Mwenzake mmoja wa kiwandani alipewa kifaa cha kusikilizia kwa njia hiyo. Nikamkokota mume wangu mpaka zahanati ya kiwanda. Daktari akakaa naye uso kwa uso, akamwuliza habari za nyumbani, za usingizi, za mvua. Mzee akajibu moja baada ya nyingine, tena kwa mbwembwe. Daktari akaandika kwamba anasikia vizuri, dai halina msingi.

Tulipokuwa tunarudi, pikipiki ikapiga honi nyuma yetu, ikapiga tena, mimi nikarukia mtaroni. Yeye anatembea tu kama bwana harusi. Nilimvuta shati mpaka vifungo vikang'oka.

"Hukusikia?"

"Nisikie nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. "Wewe mwanamume!" nikamfokea katikati ya barabara. "Umekwenda kudai huna masikio, halafu unamjibu daktari kila neno?"

"Ameniuliza hali," akasema taratibu. "Ningemnyamazia vipi mtu aliyeniuliza hali?"

Nikasema liwalo na liwe, nikakata rufaa. Ofisi ya fidia ikatuita kwa daktari wake, mama wa makamo. Kabla hajamwuliza lolote nikamwambia, "Samahani, daktari, jifunike mdomo na hilo faili kwanza." Akanitazama kama nimerukwa na akili, lakini akajifunika.

"Mzee, una watoto wangapi?"

Mume wangu akatazama faili. Akanitazama mimi.

"Mzee, huyu mama ni nani wako?"

Macho yake yananisihi nimsemee, nami nimebana midomo kwa nguvu, machozi yananitiririka. Mashine ya vipimo ilikuja kusema yale yale baadaye.

Dai likakubaliwa, kifaa kikaja. Binti alipopiga simu, safari hii baba yake hakusema ndiyo, ndiyo. Alisikiliza muda, akafunika macho kwa kiganja, akasema, "Mkwaruzo upo." Nililia mpaka binti akauliza kuna msiba gani.

Ningeishia hapo, lakini mimi kuficha sijui. Tangu siku ile mume wangu anaongea nami akiwa amenipa mgongo, gazeti mkononi. "Nakusikia, mama watoto, endelea." Na ananisikia kweli! Mimi ndiye ninayeongea na kisogo. Majuzi jirani akachungulia, akacheka, "Karibu kwenye chama, dada." Nikaingia ndani. Najua, yale macho yalikuwa yanatafuta maneno, si uzuri wangu. Lakini nayataka. Nayataka hivyo hivyo.

Jana alikuwa dirishani na gazeti lake, nami namsimulia vituko vya wifi yangu. Katikati nikakata sauti, midomo ikaendelea. Akangoja. Akagonga kifaa kwa kidole, akakitoa, akakipuliza, akakirudisha. Mwishowe akageuka, akaniangalia usoni kama zamani.

"Betri imekwisha?"

"Haijaisha," nikamjibu kwa midomo tu. "Nilikuwa nakutaka hapa."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akakivua kile kifaa tulichokipigania, akakiweka juu ya gazeti, akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Haya," akasema. "Dada yangu kafanya nini tena?"