Aliyeunganisha: Rania

Programu ya duka la dawa la Mzee Narendra, hapa Kariakoo, imeacha kutoa onyo mtu akiuza dawa iliyoisha muda. Leo mteja mmoja amerudisha chupa ya dawa iliyokwisha muda. Wangapi wameshakunywa, hakuna ajuaye.

"Nani kaliondoa hilo onyo, mwanangu?" Mzee aliuliza, kasimama nyuma ya kiti cha Rania.

"Nakuonyesha sasa hivi, mzee."

Rania aliitengeneza programu hiyo pamoja na Asad, na hakuwa na shaka. Ni Asad tu, mtu wa kukurupuka! Kila badiliko hubaki kwenye historia ya programu, pamoja na jina la aliyelifanya. Akafungua pale kazi zao mbili zilipounganishwa, akalinganisha na upande wa Asad. Shwari, yote yake yamo. Akalinganisha na upande wake: mistari ya onyo, aliyoiandika mwenyewe, imeachwa nje.

Aliyeunganisha: Rania.

Akarudi nyuma kwenye historia. Rania. Rania. Rania tupu! Ndipo akakumbuka mgao wa umeme, walivyokuwa wakipokezana laptop yake kwa kuwa ndiyo pekee yenye chaji. Asad alitaka wabadilishe jina linaloandikwa kwenye historia kila wanapopokezana. Yeye ndiye aliyefoka: "Usinipotezee muda bwana, si kazi yetu sote?"

Mzee akavaa miwani, akasoma. "Mbona ni wewe?"

Rania akamgeukia mwenzake, aliyeketi kando yake. "Asad, sema basi!"

"Niseme nini, dada? Siku ya kuunganisha, laptop alikuwa nayo nani?"

Rania akaitazama tena tarehe ya kuunganisha. Hakukumbuka.