Kombe la Hesabu

Wiki iliyopita binti mmoja anayesomea ualimu hapa Mahajanga aliniletea mpango wake wa masomo wa mwaka mzima niukague. Ulipangwa vizuri, kila wiki na somo lake, mistari imenyooka kwa rula. Nikamuuliza, haya, mwaka ukiisha mtoto awe anaweza kufanya nini? Akanitazama kama niliyemtukana. Nikacheka peke yangu, maana swali lile si langu, nimeliiba, na mwenyewe alikuwa mwanamke asiyejua kuandika hata jina lake kwa herufi za shule. Ngoja nikuhadithie.

Nimezaliwa kisiwani Nosy Be, mjini Hell-Ville, nyuma ya soko. Nyumbani tulisema Kikomoro, barabarani Kimalagasi, na shuleni ilikuwa Kifaransa mpaka wakubwa walipoamua, mwishoni mwa miaka ya sabini, kwamba tufundishwe kwa Kimalagasi. Uamuzi ulikuwa mzuri, sina ugomvi nao, ila vitabu vya zamani viliondoka mara moja na vipya vikachelewa njiani. Kilichotufikia ni bunda la karatasi zilizopigwa chapa, zinanuka wino, zenye masomo arobaini, na kila somo limepewa wiki yake.

Pamoja na karatasi alikuja mwalimu. Kijana wa nyanda za juu, ndiyo kwanza amemaliza shule yake, ametumwa kwetu kulitumikia taifa kwa miaka miwili. Tulimwita Mesie, ndiyo 'bwana' ya Kifaransa vinywani mwetu. Joto letu lilimtesa maskini, shati lilikuwa limelowa kabla ya kengele ya kwanza. Aliandika somo ubaoni, tukanakili, tukalisema kwa sauti moja, akafuta. Wiki iliyofuata somo jingine.

Na sisi kwa kusema kwa sauti moja hatukuwa na mpinzani. Kila alfajiri tulisoma Kurani barazani kwa bibi yangu. Mimi nilimwita Koko, mtaa wote ulimwita Fundi, yaani mwalimu kwa Kikomoro chetu. Kila mtoto alikuwa na ubao wake wa mti na kalamu ya mwanzi, na wino tuliutengeneza wenyewe kwa mchele uliochomwa mpaka ukawa mkaa. Ukishahifadhi, unamsomea Koko. Akiridhika, unauosha ubao na maji yale unayanywa, ndilo kombe lako, ili maneno yakae ndani. Baada ya hapo unapewa kipande cha godrogodro, ule mkate wetu wa nazi na vanila unaonata vidoleni. Upepo ukigeuka ulituletea harufu ya maua ya langilangi kutoka mashambani, na hata leo nikiisikia harufu ile mate hunijaa kinywani.

Mwaka ule ulikuwa wa mtihani wa cheti, na kwangu haukuwa mchezo. Shangazi yangu alikuwa Mahajanga, mtaa wa Tanambao, mmoja wa wachache wa kwetu waliobaki mji ule baada ya Wakomoro wengi kuuawa na wengine kukimbia. Alikubali kunichukua niendelee na masomo. Koko hakupenda, kwake Mahajanga ulikuwa mji uliokula watu wake. Mwisho akakata shauri. "Ukifaulu utakwenda," alisema. "Ukianguka, kikapu kile pale." Kilikuwa kikapu cha kuchumia langilangi. Nilikiogopa kuliko jini.

Basi Mesie alipotangaza mtihani wa majaribio, nikapata wazo. Usinicheke. Niliwakusanya wenzangu wa darasani, tukaandika kanuni za hesabu kwenye mbao zetu za Kurani, kwa wino wa Koko, tukaziosha juu ya bakuli, tukapokezana kunywa. Maji yalikuwa machungu kuliko siku zote. Nikaona ni dalili njema.

Swali la kwanza lilisema: baraza ina urefu wa mita sita na upana wa mita nne, mkeka mmoja ni mita mbili kwa moja, itahitajika mikeka mingapi? Tukaandika, kwa mwandiko mzuri, kwamba eneo ni urefu mara upana. Basi. Darasa zima, neno kwa neno. Mesie akadhani tumeibiana. Akawa mwekundu, akataka kujua nani kaanza, mpaka mtoto wa fundi cherehani, jirani yetu, akalia: "Hatukuibiana, Mesie, tulikunywa!"

Alasiri ile Mesie alikuja nyumbani. Koko aliposikia habari alisimama na bakuli mkononi. "Kombe la hesabu!" alisema. Alicheka kwanza, kisha akanichapa, kisha akacheka tena. Akamkaribisha mgeni na kumwambia, "Mwanangu, kombe hunywa aliyekwisha kusoma. Hawa wamekunywa wasichokijua."

Mesie alitazama mbao zilizoegemea ukutani. Akauliza mbona hazifanani.

"Huyu yuko Amma, yule bado Alhamdu, sura ya kwanza kabisa. Walianza siku moja."

"Na huyo wa Alhamdu asipofika?"

"Atafika. Mimi siendi popote."

"Mimi nakwenda, Bibi. Mtihani ni Juni, na nina masomo arobaini."

"Basi Juni watoto hawa wawe wanaweza kufanya nini?" Mesie akafungua karatasi zake aanze kusoma orodha. Koko akamkata. "Sikukuuliza utawasomesha nini."

Kijana akazikunja karatasi. Kisha, naye hakuwa mjinga, akauliza taratibu kama hao wa Amma wanaelewa wanachokisoma. Koko aliliweka bakuli chini. "Hapana," alisema. "Hilo nami linaniuma." Sikuwahi kumsikia Koko akikiri kitu mbele ya mgeni.

Alikuja alasiri tatu mfululizo. Alikaa juu ya mkeka na penseli, akaanzia Juni kurudi nyuma, akiuliza kila somo linamfikisha mtoto wapi. Lisilojibu, alilikata kwa mstari. Darasani mambo yakageuka. Tuliitandika baraza ya Koko mikeka kumi na miwili, tukihesabu kwa mikono na magoti. Tulipima maua kwa mizani ya mwenye duka. Aliyeelewa alisonga mbele, asiyeelewa alibaki na mwenzake wa kumsaidia. Zilikuwa kelele tupu, na wazazi walinung'unika kwamba watoto wanarudi wananuka langilangi kama wachumaji. Mimi nilikuwa na raha ambayo siwezi kukueleza.

Mwezi wa nne akaja mkaguzi. Alisimama mlangoni na daftari lake, akauliza wiki hii tuko somo la ngapi. Mimi, kwa kiherehere changu, nikainuka wa kwanza. "Mimi niko la kumi na tisa!" Mwenzangu akadakia, "Mimi la kumi na moja!" Mkaguzi alifunga daftari polepole. Hazikupita wiki mbili Mesie akafunga sanduku, amehamishiwa mbali. Alitupa mkono mmoja mmoja. Nililia barazani, nikamwambia Koko mimi ndiye niliyemfukuzisha. Koko hakunibishia, alinisogezea godrogodro tu.

Juni ilifika. Hesabu nilizitafuna. Tulifaulu karibu sote, hata mtoto wa fundi cherehani, na Koko akanisindikiza mpaka Ankify, ng'ambo ya maji, akasimama gatini. Nikaenda Mahajanga, na mengine unayajua.

Baraza ile sasa ni duka la miwani ya jua. Mbao sijui ziliishia wapi, na wachumaji wa langilangi wanahesabika. Hayo nimeyazoea. Lisilozoeleka ni hili: Mesie hakujua kamwe kwamba tulifaulu. Swali la mwisho la mtihani lilitutaka tuandike barua ya kumshukuru mtu aliye mbali, na sote tuliliacha tupu, kwa kuwa somo la barua lilikuwa miongoni mwa yale aliyoyakata. Nilikuja kulijifunza Mahajanga, mwaka uliofuata. Niliandika barua yangu ya kwanza kwake, tarehe juu, shukrani chini, nikaikunja vizuri. Nilipochukua bahasha ndipo nikagundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza jina lake.